Mkono wa Wifi

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Pale kazini kila mtu alimwita Rudia, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alikuwa anapima kiuno cha mteja, anaandika, anakunja futi yake, halafu anasema, "Samahani, hebu turudie." Mteja anainua mikono tena. Baada ya hapo anarudia mara nyingine, safari hii bila kuomba samahani. Kuna bwana mmoja alikuja kupimwa suruali, akasema wamshonee haraka kabla hajazeekea hapo hapo kwenye kupimwa. Watu wakacheka, na jina likaganda.

Acheke anayecheka, lakini haki yake apewe. Katika nyumba ile ya cherehani hakuna aliyekijua kitambaa kama Rudia, ukimwondoa mama yake, aliyekuwa mwenye nyumba na mwenye kazi. Alikuwa anakitazama mara moja tu, anajua kitavuta wapi, kitajikunja wapi, na kikifuliwa kitarudi vipi. Kushona alishona vizuri mno. Balaa lilianza akishika mkasi. Ukikosea kushona unafumua, unaanza upya, hakuna aliyejua. Mkasi ukishapita umepita. Kwa hiyo Rudia akisimama mbele ya kitambaa cha watu, akili yake ilikimbilia moja kwa moja kwenye siku ya fedheha: anamwona mteja mbele ya kioo, nguo imembana kwapani, anamwona Mama anavua miwani na kuifuta wakati haina hata vumbi. Hayo yote yalikuwa hayajatokea, na mengi hayakutokea kabisa. Yeye alikuwa ameshayaona na kuyalilia, na mkono umeshakuwa mzito.

Basi angekata karatasi kwanza. Halafu angekata shuka kuukuu kwa majaribio, alishone, alitazame, alifumue. Akija kukisogelea kitambaa chenyewe, amechoka, na mteja ameshaanza kupiga simu kwa sauti ile ya upole ya mtu anayekaribia kutukana.

Sasa tuje kwa Chapu.

Chapu alikuwa mke wa kaka yake, yaani wifi yake. Alipoingia pale hakujua hata kutunga uzi kwenye sindano. Mshono wake ulikwenda kama mlevi anayetafuta kwao. Aliyemfundisha ni Rudia mwenyewe, tena kwa moyo mweupe, maana siku hizo hapakuwa na cha kuoneana gere. Alimshika mkono, akamfundisha kukanyaga cherehani taratibu, kupinda upindo, kutia bitana, kutia zipu isionekane. "Wifi, una subira wewe," Chapu alikuwa anamwambia, na Rudia alikuwa anavimba kichwa siku nzima kwa neno hilo.

Halafu ikaja siku moja Mama hayupo, mteja ana haraka, na Rudia yuko kwenye kurudia. Chapu akasimama, akachukua chaki, akachora juu ya kitambaa, akainua macho kidogo, akakata. Kraa, kraa, kraa. Blauzi ikatoka, mteja akaivaa, akajigeuza mbele ya kioo kama kuku aliyeona nafaka, akaondoka nayo mwilini. Kuanzia hapo watu wakaanza kuingia mlangoni na kuuliza, "Yule mwembamba yupo?"

Yule mwembamba. Rudia alikuwa amekaa pale pale, futi shingoni, na mtu anampita kwa macho kama anavyopita kiti.

Chapu angekuwa hakosei hata kidogo, pengine ingekuwa rahisi kuvumilia. Lakini alikosea sana. Kuna siku alikata mikono miwili ya gauni, yote ya kushoto. Kosa hilo fundi yeyote analijua na kuliogopa, kwa sababu unakunja kitambaa vibaya, unakata kwa raha zako, na ukija kushona unagundua mteja wako anatakiwa awe na mabega mawili ya upande mmoja. Ingekuwa Rudia, angehama mji. Chapu alivitazama vile vipande, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akavigeuza vikawa vitambaa vya kujitandaza mabegani, gauni likawa halina mikono. Wiki haikuisha, wanawake wengine wakaja wanataka "lile lisilo na mikono, lenye mabega kama ya malkia."

"Unafanyaje wewe?" Mama Vifungo alimwuliza siku wanawake hao walipokuja. Mama Vifungo ndiye aliyekaa dirishani akitia vifungo na kupiga pasi, na kazi yake nyingine, isiyo na mshahara, ilikuwa kusema kila kilichompitia kichwani. "Hebu tuambie, huogopi?"

"Mimi naiona kwanza nguo imeshavaliwa," Chapu alisema. "Namwona mtu anatembea nayo, kapendeza. Nikishamwona, nakata tu."

"Umesikia hiyo, Rudia?" Mama Vifungo akageuka. "Mwenzako anaona mtu kapendeza. Wewe unaona mtu kachanikiwa. Ndiyo maana."

Rudia alicheka pamoja nao. Alicheka kwa meno tu. Rohoni palikuwa panawaka. Kwa sababu neno lile lilikuwa kweli, na lilisemwa na mtu asiyejua kutofautisha hariri na nailoni, tena mbele ya watu. Na zaidi, kwa sababu alijaribu. Usiku ule kabla ya kulala alifumba macho akalazimisha kumwona mteja kapendeza. Mteja alipendeza kwa muda mfupi tu, halafu kwapa likachanika.

Wivu ukishapata mahali pa kukaa hauombi ruhusa ya kupanua nyumba. Rudia alianza kuisikiliza sauti ya mkasi wa Chapu hata akiwa amempa mgongo. Wenzake wakienda kula, alibaki nyuma anasingizia kumaliza upindo, kumbe anageuza nguo za wifi yake ndani nje akitafuta kasoro. Alizipata, tena za kutosha. Akizipata alifurahi, halafu aliona haya kwamba amefurahi, halafu haya yenyewe yakamfanya amchukie Chapu zaidi, kana kwamba yeye ndiye aliyemtuma. Nyumbani nako hakupona. Kaka yake alikuja kuwatembelea, hakumaliza hata kukaa, "Mke wangu siku hizi anatafutwa," akasema, meno yote nje. Rudia akamwuliza kama anataka maji ya kunywa.

Kilichomkaba hasa kilikuwa meza. Katika nyumba ile kulikuwa na meza moja ndefu ya kukatia, ya mbao nzito, iliyolainika kwa miaka ya kuteleza vitambaa. Anayesimama mezani ndiye fundi. Anapima, anaamua, anakata, na wengine wote wanakaa kwenye cherehani wanashona alichoamua yeye. Mama alikuwa amesimama pale tangu Rudia hajaota meno. Sasa macho ya Mama yalikuwa yanafifia, na magoti nayo yalikuwa na maneno yake. Alikwishasema, wakiwa wote wanasikia, kwamba baada ya msimu wa harusi atakaa apumzike. "Nitakaa kweli," alisema. "Meza itapata mtu." Hakusema nani. Rudia alikuwa mtoto wake wa kumzaa na mkubwa pale kazini, na bado alijua kwamba Mama hawezi kumwachia meza mtu anayeiogopa.

Ndipo ikaja mahameli.

Aliileta mama mmoja anayeoza binti, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Ilikuwa rangi ya damu ya mzee, nzito, inateleza mkononi kama mnyama aliyelala. Ndugu yake aliitoa safari ya mbali na haikuwepo nyingine ya kuongezea. Alitaka gauni refu, sketi yake ya vipande sita, vyembamba kiunoni na vipana chini, ili akitembea litawanyike.

Mama aliipokea, akaipeleka moja kwa moja mbele ya Rudia. "Hii ni yako," akasema. "Wewe ndiye unayeijua mahameli." Hakuongeza neno, lakini wote pale walielewa kwamba meza imewekwa hapo pamoja na kitambaa.

Ni kweli aliijua. Mahameli ina manyoya mafupi yaliyolalia upande mmoja. Ukiipapasa kwenda chini inang'aa, ukiipapasa kwenda juu inageuka nyeusi nyeusi. Kwa hiyo kila kipande lazima kielekee upande mmoja, kichwa juu, miguu chini, bila ujanja. Kwa pamba ya kawaida fundi mzuri hugeuza vipande, kimoja kichwa huku, kingine kichwa kule, vinapangana vizuri na kitambaa kinabaki. Kwa mahameli ukifanya hivyo umejiaibisha. Mama alimfundisha Rudia hayo zamani. Chapu hakuwahi kufundishwa, kwa sababu tangu aje hakuna aliyeleta mahameli.

Rudia alipima. Akarudia. Akakata karatasi, akakata shuka, akashona gauni zima la shuka, akalivisha Mama Vifungo kwa sababu wanakaribiana unene na mteja. Mama Vifungo akazunguka nalo chumbani akisema yeye naye aolewe tena. Kila kitu kilikaa sawa. Kilichobaki ni mkasi. Asubuhi Rudia alikuwa anaifunua mahameli juu ya meza, anaipapasa, anachora kwa chaki, anasimama. Anauona ukumbi wa harusi, watu wote wamegeuka, na mama wa bibi harusi amejifunika mgongo kwa mtandio. Anafuta chaki kwa brashi. Anaikunja.

Siku mteja alipokuja kujaribu gauni lake alikuta kitambaa kimekunjwa vizuri sana.

Hakufoka. Alimtazama Mama tu. Na Mama, mbele ya mteja, mbele ya Mama Vifungo, mbele ya kila sindano iliyokuwemo mle, alikichukua kile kitambaa kutoka mikononi mwa mwanawe. "Mkwe wangu," akamwambia Chapu, "njoo usimame hapa."

Rudia alikwenda kukaa dirishani. Akavuta bakuli la vifungo, akaanza kuvitenganisha, vikubwa huku, vidogo huku, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Kitu kilichomuuma zaidi ya kunyang'anywa ni jinsi Chapu alivyosimama pale mezani, kana kwamba meza ilikuwa inamngoja muda wote.

Mama alimsindikiza mteja nje. Chapu akaitandaza mahameli ikiwa imekunjwa mara mbili kwa urefu, ili kila karatasi itoe vipande viwili, akachukua vipande vya karatasi vya Rudia, kazi ya Rudia, akaanza kuvipanga. Kichwa huku, miguu kule. Kichwa huku, miguu kule. Alikuwa anavipanga kama pamba.

Rudia aliona. Aliona kabla hata kipande cha tatu hakijawekwa. Mdomo wake ulifunguka kabisa kusema. Halafu alisikia kitu kinamwambia ndani, kwa utulivu: mwache. Si wewe uliyempa. Si yeye asiyeogopa, anayemwona mtu kapendeza? Basi amwone.

Chapu alishika mkasi. Akainua macho, akamtazama Rudia, kidogo tu, kama anavyomtazama siku zote.

Rudia akajitia hamnazo. Akainamia bakuli lake, akachagua kifungo, akakigeuza kwenye mwanga kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake.

Kraa, kraa, kraa.

"Tena kitambaa kimebaki," Chapu alisema alipomaliza, kwa furaha. "Wifi, angalia kilivyobaki."

"Naona," alisema Rudia.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Mle ndani mwanga ulikuwa hafifu, na gauni lilishonwa vipande vipande mapajani mwa Chapu, kwa hiyo tofauti haikujitokeza waziwazi. Macho ya Mama hayakuwa yale tena. Nusu ya Rudia ilikuwa inaomba lisionekane kabisa, liende harusini, lirudi kabatini, liishe. Nusu nyingine ilikuwa inahesabu siku. Kuna mchana mmoja Chapu alimletea chai bila kuombwa, na Rudia akakishika kikombe mkononi mpaka chai ikapoa, akiwa hawezi kuinywa wala kuirudisha. Bado angeweza kusema. Hakusema.

Mteja alikuja na mdogo wake. Akalivaa gauni, akajitazama kwenye kioo mbele, akafurahi, akamshika Chapu mashavu. Halafu akatoka barazani ili ajione kwenye mwanga wa jua, na mdogo wake akabaki mlangoni anamtazama kwa nyuma.

"Dada," akasema yule mdogo, "umekalia maji?"

Ilikuwa hivyo hasa. Vipande vya mbele vilikuwa vinang'aa kama divai, na vile vya nyuma, viwili vilivyogeuzwa, vilikuwa vimeiva weusi kuanzia kiunoni mpaka chini, kama mtu aliyekaa kwenye kiti kilicholowa. Mteja aligeuza shingo, akapapasa nyuma kutafuta unyevu. Hakuna unyevu. Alipoelewa, uso wake wote ulishuka.

Mama alipiga magoti barazani pale, magoti yale yale mabovu, akapitisha kiganja juu ya kitambaa, juu, chini. Akajua kwa mkono kile macho yalichoshindwa. "Umegeuza," akasema.

Chapu alikuwa amesimama na pini zake za kubania kitambaa mdomoni. Akazitoa moja moja. "Kosa ni langu," akasema. "Sikujua kama inageuka."

"Rudia." Mama hakuinuka. "Wewe ulikuwepo. Hukuona?"

"Nilikuwa na vifungo, Mama," alisema Rudia. "Sikuangalia."

Mama Vifungo, ambaye hajawahi kunyimwa neno maishani mwake, alimtazama Rudia, akatazama bakuli lake la vifungo, akanyamaza.

Waliingia ndani. Mteja alikaa, akapewa maji, akasema harusi ni keshokutwa na hana nguo nyingine ya hadhi hiyo. Mama akasema itapatikana. Kisha akasema lile neno, kwa uchovu, kama mtu anayetua mzigo mahali popote patakapotokea: "Rudia, simama mezani. Kuanzia leo ni yako. Uokoe hii." Akamshika mteja mkono, wakatoka, na Mama Vifungo akawafuata kwa ajili ya kusikia.

Ndiyo hiyo meza. Rudia alisimama mbele yake, akaweka viganja viwili juu ya mbao. Alingoja furaha ije, na ilikuja kweli, nisimsingizie. Ilimpanda mpaka kifuani. Chapu alikuwa amekaa kwenye kiti cha chini, anafumua vile vipande viwili kwa wembe, kichwa kimeinama, bega moja linatikisika. Rudia alimtazama na furaha ikaendelea kidogo, halafu ikaanza kupungua yenyewe.

Njia ya kuokoa alikwishaiona zamani. Jicho lake lilikuwa na njia zote. Kile kitambaa kilichobaki, kilichobaki kwa sababu ya kosa lenyewe, kingetosha vipande viwili vipya kama vingepunguzwa upana kidogo chini na kama mkasi usingeyumba hata unywele mmoja. Hakuna cha kurudia. Akakitandaza. Akakipapasa kwenda chini kikang'aa. Akachora. Akashika mkasi, na mkono ukaanza habari zake.

Alisimama hivyo mpaka Chapu akainua kichwa.

"Wewe ulikuwa unawezaje?" Rudia aliuliza. Lilitoka kwa ukali, kwa sababu alikuwa amelibeba muda mrefu. "Nambie kweli, si yale ya kumwambia Mama Vifungo. Unashika mkasi mkono hautikisiki. Unajiamini vipi hivyo?"

Chapu akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mimi? Mimi sijiamini, wifi."

"Usinitanie."

"Nakuangalia wewe." Alisema kama anavyosema kitu ambacho kila mtu anakijua. "Nikishapanga, nakuangalia usoni kwanza. Kama nimekosea, unakunja uso, hapa." Akajigusa katikati ya nyusi. "Hujui tu kama unakunja. Ukikunja, nageuza. Usipokunja, najua iko sawa, nakata. Yale ya kumwona mtu kapendeza nayaona baada ya hapo. Kabla ya hapo siwezi kuona kitu." Akainamia wembe wake tena. "Siku ile ya mikono ya kushoto ulikuwa umeenda kwa daktari. Na juzi nilikuangalia, ila ulikuwa umeshughulika. Nikajisemea, wifi yangu hawezi kuona kosa akanyamaza. Ni bahati mbaya tu. Usijilaumu."

Rudia aliuweka mkasi mezani taratibu.

Kumbe miaka yote ile. Kila blauzi, kila gauni, kila mteja aliyeuliza yule mwembamba yuko wapi, wote walikuwa wameondoka na kitu kilichopita kwanza usoni mwake. Kuna mtu mmoja duniani aliyeliamini jicho la Rudia kiasi cha kukata kitambaa cha watu kwa sababu tu jicho hilo limetulia. Na mtu huyo hakuwa Rudia. Yeye alikuwa nalo kichwani mwake, anaamka nalo, analala nalo, na hakuwahi kuliamini hata kwa upana wa chaki. Kile alichokuwa anakionea kijicho kwa mwenzake kilikuwa cha kwake mwenyewe.

Angeweza kunyamaza. Meza ilikuwa yake, Mama amesema, na Chapu alikuwa ameshamsamehe kwa kosa dogo kuliko alilofanya.

"Niliona," akasema.

Chapu hakuelewa. "Nini?"

"Ulipokuwa unapanga. Niliona unageuza. Sikuwa na vifungo wala nini. Niliona, uliponiangalia nikainama."

Wembe ulisimama. Nje ilisikika sauti ya Mama ikimtuliza mteja. Chapu alimtazama Rudia usoni, na Rudia akauachia uso wake utazamwe, akidhani atatukanwa, akitamani atukanwe. Chapu alikung'uta nyuzi mapajani, akasimama, akaviweka vile vipande viwili vibaya pembeni mwa meza, akavinyoosha.

"Haya," akasema. "Kata. Keshokutwa mtu anaoza binti."

Rudia alikata. Sitasema mkono haukutetemeka. Ulitetemeka mpaka kiwiko. Lakini alikuwa ameambiwa na mtu asiyekuwa na sababu ya kumdanganya kwamba jicho lake halikosei, na kwa mara ya kwanza alilichukulia kuwa ni kweli, akalifuata. Mkasi ukapita mahali jicho liliposema. Vipande vikakaa. Gauni lilikwenda harusini likang'aa mbele na nyuma, na mteja akaleta wateja wengine, na waliuliza, "Yule wa mezani yupo?"

Chapu hakumwambia Mama. Hakumwambia hata mumewe, maana kaka mtu aliendelea kuja na meno yake yote nje. Alimwita Rudia wifi kama zamani, akamletea chai kama zamani, akacheka yalipochekesha. Msimu ulipoisha Mama akakaa kweli. Rudia akawa fundi, na siku hizi anapima mara moja, wateja wenye mazoea wanamkumbusha wenyewe kurudia. Kazi zilipozidi, akamgawia Chapu upande wa pili wa meza, akate pamba na vitambaa vyepesi. Chapu akakubali, akashukuru.

Siku ya kwanza ya kusimama pamoja, Chapu alipanga vipande vya blauzi, kichwa huku, miguu kule, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Akashika mkasi. Rudia, upande wa pili, alikuwa ameshaacha alichokuwa anafanya. Aliunyanyua uso wake, wazi, akautuliza, akangoja.

Chapu akainua macho. Macho yakampita, yakaenda dirishani.

"Mama Vifungo," akasema, "hebu njoo uniangalizie. Hapa ni sawa?"

Mama Vifungo akaja na pasi yake mkononi, akatazama chaki, akatazama kitambaa, mtu asiyejua hariri na nailoni. "Ni sawa," akasema.

"Asante, dada."

Na Chapu akakata, na mkono wake ukatetemeka, na Rudia akasimama pale mezani kwake akimwonea wivu mwanamke wa vifungo.